Ukurasa wa 127

Jermyn Street ni barabara fupi katikati ya London, nyuma tu ya Piccadilly. Wenyeji huijua kwa mambo ya wanaume: mashati ya kushonesha, viatu vya ngozi, kofia, vyombo vya kunyolea ndevu. Ukitokea upande wa Piccadilly Circus unalipita kanisa la Mtakatifu James, kazi ya msanifu Christopher Wren, lililowekwa wakfu mwaka 1684. Ukiendelea mbele kidogo utaikuta sanamu ya Beau Brummell, mlimbwende aliyekuwa rafiki wa Mfalme George wa Nne kabla hajatawazwa, na aliyewafundisha wanaume wa Kiingereza kuvaa kwa unadhifu.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mlango mmoja, nambari 89, ambako ukoo wa Floris, wauza manukato, umekuwa na duka tangu mwaka 1730. Kwa hesabu ya pwani yetu, mwaka huo unafuatia ule ambao Wareno walitolewa Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa mara ya mwisho. Tangu hapo Mombasa imepita mikononi mwa Wamazrui, Mabusaidi na Waingereza, mpaka ikafika kwenye jamhuri. Duka hili limebaki pale pale, na wenyewe ni kizazi cha watu wale wale. Nilitaka kuona kwa macho yangu vipi ujuzi wa harufu unaweza kurithiwa muda wote huo bila kukatika, kwa sababu kwetu Unguja nimeuona ukikatika ndani ya umri wa mtu mmoja.

Nilifuatana na wifi yangu. Ameishi mashariki mwa London tangu ujana wake, lakini akikufungulia mlango wa nyumba yake utadhani uko Malindi ya Unguja, maana udi umeshika mpaka mapazia. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Milango michache kutoka Floris lipo duka la jibini la Paxton & Whitfield, nalo ni la zamani, la mwaka 1797, na harufu ya maziwa yaliyoganda na kuiva inatoka mpaka njiani. Tukaipita. Mteja mmoja alikuwa akitoka Floris, mlango ukafunguka, na hewa ikabadilika pale pale: ndimu, lavenda, na chini yake ubao mkavu.

Duka lenyewe si kubwa. Ni ukumbi wa makabati ya mahogani yenye vioo, marefu, yamejaa chupa kutoka kiunoni hadi juu ya kichwa. Makabati hayo yalinunuliwa kwenye Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, yale yaliyofanyika Hyde Park ndani ya jumba la kioo, na tangu siku hizo hayajaacha kazi. Mbao zake zimeiva zikawa nyekundu ya kahawia. Nilisimama kwanza bila kugusa kitu. Katika maduka mengi makubwa ya manukato mtu hupuliziwa kabla hajasalimiwa, pua ikachoka kabla ya kununua. Hapa tulisalimiwa, tukaulizwa tumetoka wapi, kisha tukaachwa tutazame.

Mwanzilishi alikuwa mgeni London kama mimi. Aliitwa Juan Famenias Floris, kijana kutoka kisiwa cha Menorca katika bahari ya Mediterania, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Waingereza kwa Mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713. Alianza kwa kunyoa na kutengeneza vitana. Hata cheti cha kwanza cha kifalme ambacho duka lilipewa, mwaka 1820, kilikuwa cha utengenezaji wa vitana vyenye meno laini. Harufu zilimjia kwa sababu ya kutamani kwao: katika jiji la moshi wa makaa na ukungu alianza kuchanganya mafuta ya mimea ili apate mnukio wa kisiwa alichokiacha, na wateja waliokuja kukata nywele wakataka nao. Habari hiyo ilinigusa. Wifi yangu naye hajifukizi udi kwa ajili ya wageni. Anajifukiza kwa sababu Februari ya London ni ndefu.

Kijana aliyetuhudumia alikuwa na mikono mitulivu. Alitoa vikaratasi vyembamba vya kunusia, akapulizia kimoja, akakipunga hewani ili spiriti iruke, ndipo akanipa. Alianza na manukato yaitwayo Limes, ya mwaka 1832. Ndimu yake ilikuwa kali na safi, na tulipokuwa tungali tukizungumza ilikwisha kupungua. Ndivyo yalivyo mafuta ya machungwa na ndimu: chembe zake ni nyepesi, zinaruka upesi. Mchanganyaji anajua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo hupanga kazi yake kwa tabaka. Juu huweka vinavyoruka, katikati maua kama waridi na jirani zake, chini vitu vizito vinavyokaa, kama sandali, miski na kuvumwani wa mialoni. Ndimu huondoka mapema kama mgeni aliyekuja kutoa mkono wa pole tu, na sandali ndiyo inayolala matangani.

Kisha alinipulizia mkononi manukato yaitwayo No. 89, yaliyopewa jina la nambari ya mlango na kuanza kuuzwa mwaka 1951. Ian Fleming, mwandishi aliyembuni James Bond, alikuwa akiyatumia. Kijana alinitajia yaliyomo bila kusoma popote: chungwa, lavenda, kungumanga, waridi, langilangi, mwerezi, sandali. Nikamwomba arudie. Kungumanga na langilangi, katika manukato yanayohesabiwa kuwa ya muungwana wa Kiingereza kupita yote!

Sijui kama wanunuzi wengi wa Jermyn Street wamewahi kuuona mlangilangi. Mimi nimekulia chini yake. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, lakini umezoea udongo wetu kiasi kwamba maua yake ya manjano, marefu kama vidole vilivyolegea, hayakosekani kwenye kikuba cha asumini na mrehani. Majirani zetu wa Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani wa mafuta yake. Huko Nzwani miti hukatwa vilele na matawi yake kuinamishwa ili wachumaji, wengi wao wanawake, wayafikie maua kwa mkono. Maua huchumwa alfajiri na kutiwa kwenye mitambo ya mvuke siku hiyo hiyo, maana yakilala yanaharibika. Mafuta yanayotoka mwanzo, yaitwayo Ekstra, ndiyo yanayotafutwa na wachanganyaji wa manukato, na yale ya mwisho, mazito, huishia zaidi kwenye sabuni. Mkono uliochuma na pua iliyochanganya havionani, lakini chupa moja haiwezekani bila vyote viwili.

Wakati naeleza hayo, kijana alikuwa amesogeza kichwa kidogo upande wa mtandio wangu. Aliomba radhi, kisha akauliza nimejitia nini. Nikamwambia ni udi wa kupika. Aliujua udi wenyewe, ule mti wa Asia unaoshambuliwa na kuvu ukajikinga kwa utomvu mweusi wenye harufu, lakini hakuwa amesikia kuwa unapikwa. Nikamweleza. Sukari inayeyushwa jikoni mpaka ishike rangi, unatiwa unga na vipande vya udi, inafuata sandali, miski, ambari kwa mwenye uwezo, mafuta ya waridi na marashi. Unakorogwa, unamwagwa kwenye sinia, ukipoa unavunjwa vipande na kutiwa kwenye chupa. Siku ya kuutumia, kipande kinawekwa juu ya kaa la kifuu ndani ya chetezo, na nguo zinatandazwa juu ya tenga ili moshi uzipite.

Alisikiliza kwa makini ya mtu wa kazi, halafu akauliza swali ambalo kwake lilikuwa jepesi: sukari kiasi gani kwa udi kiasi gani?

Nikatazamana na wifi. Udi niliokuwa nao kwenye mtandio ni wa kununua, mzuri, wa dukani. Ule ninaoujua mimi alikuwa akiupika marehemu bibi yangu, mzaa mama, na watu wa mtaani walikuwa wakimtambua bi harusi aliyefukizwa naye kabla hawajamwona uso. Bibi hakuwa na mizani. Alitia kwa kiganja, akatazama rangi ya sukari, akanusa mvuke, akaongeza. Ukimuuliza kiasi, alijibu, "Kiasi chake." Mama na mama wadogo wamepika baada yake, kila mmoja kwa anavyokumbuka, na kila chungu kimetoa udi mzuri ambao si ule.

"Mkono wa mpishi ndio mizani," nikamjibu yule kijana. Hakucheka wala hakushangaa. Alitutaka tumfuate nyuma ya duka.

Nyuma kipo chumba kidogo ambacho ukoo umekifanya makumbusho. Nilitazama vitana vya zamani na chupa zilizofifia lebo. Ipo barua ya mwaka 1863 ya Florence Nightingale, yule muuguzi mashuhuri, akimshukuru Bwana Floris kwa maua yenye harufu nzuri aliyotumiwa. Ipo risiti ya Marilyn Monroe ya mwaka 1959, ya manukato ya Rose Geranium. Lakini mimi nilivutwa na madaftari. Ni vitabu vikubwa vya hesabu vyenye majalada yaliyochakaa, na mwandiko wa wino uliogeuka rangi ya chai. Humo mliandikwa nani aliagiza nini, na katika kitabu cha maagizo maalumu mliandikwa mchanganyiko wenyewe: mafuta gani, na kwa kipimo gani.

Kijana alitusimulia habari ya manukato yaitwayo No. 127. Yalitengenezwa mwaka 1890 kwa ajili ya mtukufu mmoja wa Urusi aitwaye Orloff, na mwanzo yaliitwa kwa jina lake. Miaka ilipopita wakaamua kuyauza kwa watu wote, na jina jipya wakalitoa kwenye daftari: 127 ni ukurasa ambao mchanganyiko wake uliandikwa. Winston Churchill alikuwa miongoni mwa wateja wake. Warusi wa enzi ile walipinduliwa, himaya yao ikaisha, walioyachanganya kwa mara ya kwanza wamekufa zamani, na leo nimesimama nayanusa yakiwa na chungwa, waridi, langilangi na pachuli, kwa sababu mtu mmoja mwaka 1890 alichovya kalamu kwenye wino kabla hajafunga duka.

Wifi alikuwa kimya muda wote. Hapo akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Methali hiyo tunaijua sote, na siku zote nimeisikia ikisemwa juu ya fedha. Babu zetu wa Mji Mkongwe walikuwa hodari wa madaftari: karafuu iliingia magunia mangapi, nani anadaiwa, jahazi gani limeondoka na msimu upi. Katika nyumba zao hizo hizo, ghorofa ya juu, wanawake walikuwa wakichanganya singo ya kumsugulia bi harusi, wakisaga liwa kwenye msio, wakipika udi, wakitia miski kwenye tibu. Ilikuwa elimu kamili. Ilikuwa na walimu wake, masomo na makungwi, ilikuwa na ngazi zake na siri zake, na ilileta pesa mkononi mwa wanawake wengi ambao hawakuwa na njia nyingine. Chini kulikuwa na daftari. Juu hapakuwa nalo.

Si kwamba pwani yetu haikujulikana kwa harufu. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika upande huu wa bahari katika karne ya 10, aliisifu ambari ya pwani ya Zanji. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 jinsi nguo na vyumba vya jumba la baba yake vilivyotiwa manukato. Lakini Masudi aliandika Kiarabu na Salme aliandika Kijerumani, kwa wasomaji wa mbali, na wote wawili walieleza uzuri wa jambo bila kutuachia vipimo vyake. Hata leo, ukifika Wawi, Chake Chake, utakuta kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo ya karafuu, nacho bila shaka kinapima kila lita inayotoka. Tunapima tunachouza nje. Tunachojitia wenyewe tunakiacha kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja.

Nimesikia hoja za wanaopinga vipimo hivi kuandikwa, na zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mkono una elimu ambayo karatasi haiwezi kuibeba. Ni kweli. Bibi alijua kuwa sukari ya masika haifanani na ya kaskazi, maana hewa ina maji. Alijua kuwa udi wa mzigo huu si sawa na wa mzigo uliopita. Lakini na wachanganyaji wa Floris nao wana pua, na waridi la mwaka huu si la mwaka jana kwao pia. Daftari haliwafukuzi watu wenye pua. Linawapa mahali pa kuanzia, ili kila kizazi kisianze tena kwenye sukari iliyoungua.

Hoja ya pili ni siri. Somo akitoa vipimo vyake amegawa riziki yake, na hilo si dogo kwa mjane anayesomesha wajukuu kwa chupa za udi. Jermyn Street ilinijibu hapo. Daftari lile si gazeti. Tuliliona likiwa ndani ya kioo, na hakuna mpita njia aliyepewa ruhusa ya kulinakili. Hata leo mteja anayetaka manukato yake peke yake hukaa na mchanganyaji, wakajaribu mpaka akaridhika, na mchanganyiko wake ukahifadhiwa ili akirudi baadaye apate ule ule. Siri imetunzwa, na hapo hapo imeandikwa. Mwenye nayo akifa, anayerithi anarithi kitu kizima.

Tulirudi mbele kununua. Nilichukua chupa ndogo ya No. 127, na wifi akachukua sabuni. Chenji ililetwa juu ya kibao cha mahogani kilichovikwa mahameli, desturi iliyobaki tangu enzi ambayo kupeana fedha mkono kwa mkono kulihesabiwa utovu wa adabu. Niliipenda heshima ile. Ilinikumbusha kuwa kila watu wana adabu zao zinazozunguka harufu nzuri: kwetu mgeni akitaka kuondoka anarashiwa kwa mrashi na kupitishiwa chetezo, na hakuna anayeuliza sababu.

Njiani kuelekea kituo cha treni tulikubaliana jambo, mimi na wifi, na tumeanza kulifanya. Katika ukoo wetu bado wako hai mama wadogo wawili na jirani mmoja, mwanafunzi wa bibi. Wakipika, mmoja wetu anakaa pembeni na mizani ya jikoni, kalamu na daftari la jalada gumu. Kiganja kinapimwa kabla hakijamwagwa. Tunaandika udi ulinunuliwa wapi na kwa nani, moto ulikuwa wa kuni au wa gesi, sukari ilitolewa jikoni ikiwa na rangi gani, hewa ilikuwa kavu au ya mvua. Juu ya kila ukurasa tunaandika jina la mpishi na la aliyemfundisha, hata kama aliyemfundisha hakuacha picha. Maoni yao yanapogongana, na yanagongana, tunaandika yote mawili.

Wasomaji wa Lamu, Mombasa, Tanga, Pemba, Ngazija na Maskati wanazo harufu zao, na wanawajua wenye mikono hiyo kuliko ninavyoweza kuwajua mimi. Kazi haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mizani, subira, na idhini ya mwenye ujuzi, pamoja na ahadi kwamba daftari litabaki lake na la atakaowachagua. Na pale wenyewe watakaporidhia, nakala ipelekwe kwenye nyaraka zetu za taifa, iwekwe kwenye rafu moja na hesabu za karafuu. Wale wanawake walizitia harufu nyumba zilizojengwa kwa karafuu hizo. Jina lao lina haki ya kukaa karibu na magunia.